"Tarmacking" Si Kiingereza Kibovu

Niseme wazi: mtu akinisahihisha tena nikisema "I'm tarmacking," tutakosana. Juzi kwa intavyuu hapa Nakuru, mzee mmoja wa paneli alicheka, akasema hicho si Kiingereza, eti niseme "job-hunting".

Haya basi. Mwingereza Edgar Hooley alisajili uvumbuzi wake wa tarmac mwaka wa 1902. Maana yake ilikuwa lami ya barabara, basi. Baadaye Wazungu wakaanza kuita hivyo mahali ndege hupaki, hata kama ni simiti tupu. Nani aliwasahihisha? Hakuna. Sisi tukilipa maana ya kutafuta kazi, ghafla ni makosa?

Na tuna sababu. "Job-hunting" unaweza kufanya ukiwa kitandani na simu. Tarmacking ni miguu. Ni kutoka Free Area asubuhi bila nauli, bahasha ya kaki kwapani, unapita Kenyatta Avenue yote hadi Industrial Area, geti baada ya geti, soja anakuambia "acha CV hapo." Jioni unarudi vile vile, soli imeisha. Kwa Kiswahili chetu tunasema kusaga lami, na hakuna anayeuliza maana yake.

Kwa hivyo mzee wangu, kwa heshima zote, neno liko sawa. Kisicho sawa ni kwamba tunalihitaji kila siku. Kama linakukera, usinifunze Kiingereza. Nipe kazi, nitaacha kulitumia.