Wazazi wakija Nairobi, wasiishie kliniki na Gikomba

Hebu jiulize: mara ya mwisho mamako alipokuja Nairobi, alikuja kufanya nini? Kama ni kliniki, mazishi ama kununua mtumba wa kuuza, basi uko na deni. Huyu ndiye aliuza ng'ombe ndio wewe ufike hapa, na jiji lenyewe anajua la dirisha la matatu na picha unazoposti.

Shule zikifungwa, watakuja tena na wale wadogo. Watengee siku moja.

Mimi sina digrii ya utalii, wala digrii yoyote ile, lakini najua kinachoharibu siku kama hiyo. Ni ile tamaa ya kuonyesha kila kitu. Asubuhi mbuga, saa tano twiga, mchana mall, jioni Karura. Nusu ya siku inaishia kwenye jam ya Lang'ata Road, mtoto analia, miguu ya mzee imevimba, na hakuna anayekumbuka alichoona.

Chagua sehemu tatu pekee, zilizokaribiana. Anzia KICC, saa tatu asubuhi kabla jua halijawaka. Jengo hilo lilifunguliwa 1973, lina orofa 28, na tangu 2019 liko kwenye noti mpya zote. Babako amelibeba mfukoni miaka hii yote. Mpandishe juu alione jiji.

Kisha tembeeni polepole hadi Archives, Moi Avenue. Sisi vijana kila siku ni "tupatane Archives," lakini wangapi wameingia ndani? Humo kuna sanaa alizokusanya Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais wa Kenya. Hapo karibu kuna sanamu ya Tom Mboya, si mbali na mahali alipouawa 1969. Kama umekuja na babu, usimharakishe hapo. Mwache yeye awe gaidi wa watalii, nyinyi msikilize.

Kama watoto ni wengi, ruka Archives uwapeleke Jumba la Makumbusho, Museum Hill. Kuna nyoka, na kuna sanamu ya Ahmed, ndovu wa Marsabit aliyelindwa kwa amri ya Rais Jomo Kenyatta.

Mambo madogo usiyadharau. Beba vitambulisho. Uliza mapema siku za kufungua na malipo, maana sehemu za serikali hulipiwa kwa eCitizen. Jua choo kiko wapi. Mchana, tafuta hoteli yenye ugali na chai, si baga ambayo mama ataigeuzageuza tu kwa sahani. Ifikapo saa tisa, muwe mmetoka tao.

Mkienda wapi? Hiyo sehemu ya tatu ndiyo wengi wetu tunaificha: kwako. Muulize mama anataka kuona nini Nairobi, na usishangae akitaja unapolala. Tunawazungusha kwa majengo makubwa ndio wasione bedsita, godoro chini na meko ya gesi pembeni. Lakini hawajapanda basi usiku kucha kuja kukagua fanicha. Wamekuja kuona kama unakula na kama uko salama. Fagia, chemsha chai, wafungulie mlango.