Tajiri naye aulizwe

Ndugu zetu Waislamu, mfanyakazi akimfokea mteja au akidokoa fedha za mauzo, tajiri hukimbilia barua ya kumfukuza. Ni nadra kusikia akijiuliza kijana huyo amelala saa ngapi, au mshahara wake wa mwisho ulilipwa lini.

Imam Malik amepokea katika Muwatta kisa cha watumwa wa Hatib (R.A.) walioiba ngamia wa mtu wa kabila la Muzayna, wakamchinja. Sayyidna Umar (R.A.) aliamuru wakatwe mikono, kisha akasita na kumwambia Hatib kuwa anaona anawashindisha na njaa. Mwenye ngamia alitaja bei ya dirhamu 400; Hatib akaamriwa kumlipa 800.

Hatusemi kwamba wizi umehalalika, hasha! Amana ni amana hata tumbo likiwa tupu. Lakini Sayyidna Umar hakuishia kwenye mkono wa mwizi, alimfikia na bwana wake.

Hapa Tanzania, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki. Wangapi wetu tunaoswali safu ya mbele tunaujali? Kijana wa dukani hufungua saa 12 asubuhi na kufunga saa 4 usiku, na ruhusa ya Swala ya Ijumaa huiomba kama aombaye sadaka. Akikosea hesabu jioni, huitwa mwizi. Na ghadhabu aliyoimeza mbele ya tajiri, huishusha nyumbani juu ya mkewe na watoto.