NYUMBA YA MKRISTO: Penzi ni Kikohozi

Mwezi huu twapenda kusema nanyi juu ya jambo mlijualo sana, nalo ni upendo.

Wazee walinena kwamba penzi ni kikohozi, haliwezi kufichika. Methali hii husemwa zaidi juu ya kijana na mchumba wake, lakini twaona yatufaa Wakristo pia. Mwenye kikohozi hana haja ya kutangaza kwamba akohoa. Walio karibu wamekwisha sikia. Vivyo hivyo nyumba yenye upendo wa Mungu haina haja ya kujisifu, kwani jirani atajua. Na kama miaka yapita, naye jirani hajajua, yatupasa kujiuliza kama upendo wenyewe umo.

Mtume Yohana, katika waraka wake wa kwanza, sura ya 4, atufundisha kwamba twaweza kupenda kwa sababu Mungu ndiye aliyeanza kutupenda. Basi upendo hauanzi kwetu. Watoka kwake, nao wapita kwetu uwafikie wengine, kama maji yapitavyo katika mfereji. Mfereji ukizibwa, shamba la chini hukauka, ijapokuwa chemchemi haikupungua.

Tuwakumbushe habari za Apolo Kivebulaya, Muganda, aliyebatizwa mwaka 1895. Mwaka 1896 alikwenda kufundisha Boga, ng'ambo ya mto Semliki, mahali ambapo leo ni katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Mtawala wa huko, jina lake Tabaro, alichukizwa na mafundisho yake, na mwalimu akapigwa. Kisha dada yake mtawala alikufa kwa ajali ya mkuki, na Apolo akashtakiwa kwa kifo kile, akapelekwa Toro, akatiwa gerezani. Alipofunguliwa angaliweza kurejea kwao Buganda, wala hapana mtu ambaye angalimlaumu. Lakini alirudi Boga, kwa watu wale wale. Baadaye Tabaro mwenyewe alibatizwa, akaitwa Paulo.

Tangu mwaka 1921 Apolo aliwaendea Wambuti wakaao msituni, watu waliodharauliwa na jirani zao. Alifariki Boga mwaka 1933. Desturi ilikuwa kumlaza maiti kichwa kikielekea mashariki, upande wa kwao. Yeye aliagiza azikwe kichwa kikielekea magharibi, upande wa msitu, iwe ishara kwamba kazi ile iendelee mbele.

Twajifunza nini? Tabaro alikuwa amekwisha sikia maneno ya Injili, na maneno hayo ndiyo yaliyomchukiza. Mwalimu aliporudi bila kutaka kisasi, mtawala aliona kwa macho yale aliyoyasikia kwa masikio. Kusema ni lazima, maana bila neno watu hawatajua upendo huo ni wa nani. Lakini neno lisilo na tendo ni ngoma: lasikika mbali, na ndani ni tupu.

Si kila mtu aitwaye kuvuka Semliki. Walakini kila mmoja anayo Boga yake, yaani mahali ambapo ni vigumu kurudi na moyo mwema. Kwa mmoja ni nyumba ya jirani waliyegombana juu ya mpaka wa shamba. Kwa mwalimu ni dawati la nyuma, aketipo mtoto mzito wa kujifunza, aliyezoea kuchekwa. Na kwa wengi wetu ni nyumbani kwetu wenyewe. Baba hutoa shukrani kanisani kwa sauti kuu, kisha ale ugali wa mkewe, aliyechota maji na kuokota kuni tangu alfajiri, asimwambie hata ahsante. Adhani kwamba mke ajua. Pengine ajua, lakini hata ajuaye hutamani kusikia.

Tena, ndugu, wako watoto. Twawafundisha kumwita Mungu Baba. Neno hilo baba hawakulipata darasani. Walilipata mlangoni pa nyumba zao, jioni, baba arudipo. Ikiwa hatua zake zikisikika watoto hukimbia kujificha, watamwelewaje Mungu tumwambiapo mtoto kwamba yu Baba? Lakini mtoto aliyeonywa kwa haki, kisha akapakatwa, amekwisha pata somo la kwanza la dini kabla hajajua kusoma. Jambo hili si dogo, kwani somo lililoharibiwa nyumbani mwalimu hulitengeneza kwa taabu nyingi, na mara nyingine halitengenezeki.

Basi twawaomba, mwezi huu kila nyumba ichague jambo moja tu. Mume amshukuru mkewe mbele ya watoto. Mama ampelekee chakula yule jirani wasiyesemezana, bila kutaja ugomvi. Mwalimu amwite yule mtoto wa nyuma kwa jina lake, amsaidie hesabu moja mpaka aifahamu. Na mtu akiuliza kwa nini mwafanya hivi, ndipo mmwambie habari za yeye aliyetupenda kwanza. Wema hauozi. Nasi tuandikao maneno haya twajiwekea agizo lilo hilo katika nyumba zetu.