Jipu jipya la koperative: cha ndani kitoke kiwandani, cha nje tukichague wenyewe

Wandugu wachimbaji wa Ituri, na nyinyi wamama na watoto munaotungojea nyumbani,

Zamani mu koperative zetu tulibishana juu ya mizani, na juu ya sehemu ya PDG na sehemu ya yule anayeshuka shimoni. Mabishano hayo hayajaisha, lakini yameongezeka mengine. Koperative ikiweka feza pembeni miaka mitatu ao minne, ikafikia kununua jipu jipya, watu wanagawanyika juu ya vifaa vya kuongeza: pareshoki ya chuma, winchi, galeri, taa, mipira ya barabara mbaya. Tuagize jipu likiwa limefungwa vyote kiwandani? Ao tununue jipu tupu, kiisha tulivalishe hapa Bunia?

Upande mmoja unasema: “Cha kiwanda ni orijino, hakidanganyi.” Upande mwingine unasema: “Kiwanda kinatukata tu, vya Dubai na vya Kampala ni vile vile, bei iko chini.” Nimesikia maneno hayo mu mikutano mingi, na kila mara mutu anayeshinda ni yule mwenye sauti kubwa. Feza ni ya wote, kwa hiyo tuweke kanuni moja inayoeleweka na kila mwanamemba. Ya kwangu ni hii: kile kinachoingia ndani ya gari, mu injini, mu ekseli, mu breki, mu usalama wa watu, tukiagize kiwandani tangu mwanzo. Kile kinachokaa nje, kinachogongwa na kukwaruzwa, tunaweza kukitafuta sokoni ao kwa fundi wetu. Na kabla ya yote hayo, tujiulize jipu litabeba nani.

Tuanze hapo. Jipu la koperative si la kwenda arusi. Litapanda barabara ya Mongbwalu, kilomita karibu 80 kutoka Bunia kupitia Iga-Barrière. Siku zingine litashuka Komanda na kuingia RN4 kuelekea Mambasa, mu pori. Mvua inaponyesha udongo mwekundu unakuwa kama sabuni; wakati wa kiangazi vumbi linaingia mpaka mu meno. Litabeba pompe, mapipa, chakula, wajumbe wa koperative. Na siku shimo litakapoanguka, litabeba ndugu aliyevunjika miguu, kumpeleka fasi yenye daktari wa upasuaji. Mukinunua kifaa chochote, mukione kwa macho ya huyo ndugu aliyelala nyuma.

Sasa vya ndani. Kuna kifaa kinachofunga difu, ili magurudumu mawili ya ekseli yazunguke pamoja moja likiwa linateleza mu matope. Land Cruiser ya aina ya 70, ile inayotengenezwa tangu 1984 na ambayo sisi wote tunaijua, inaweza kuagizwa nacho kutoka kiwandani. Ukikitaka baadaye, lazima ekseli ifunguliwe, na kazi hiyo si ya chini ya muti. Vile vile tanki ya pili ya mafuta, resori nzito, na mikanda ya usalama kwenye viti vya nyuma. Vitu hivyo havionekani kwenye picha, ndiyo maana watu wanavisahau. Lakini ni rahisi sana kuviandika mu komande siku ya kwanza, na ni shida kubwa kuviweka siku ya mia.

Niongeze kimoja kinachodharauliwa: chujio la mafuta linalotenga maji. Mafuta yetu mengi yanauzwa mu madumu na mapipa kando ya barabara, na maji yanaingia humo. Injini mpya za dizeli zenye turbo na kompyuta hazivumilii maji hata kidogo. Sindano zake zikiharibika, bei ya kuzibadilisha inatisha. Ile injini ya zamani ya 1HZ, silinda 6, litri 4.2, bila turbo, inavumilia zaidi, lakini nayo haitaki kunyweshwa maji. Chujio zuri linafaa kuliko taa sita za paa.

Vya nje ni habari nyingine. Galeri, mabenchi ya nyuma, bati la kulinda tanki, fasi ya kufungia dumu: hivyo hapa kwetu Rwambuzi na mitaa mingine ya Bunia kuna mafundi wa kuchomelea vyuma wanaovifanya vizuri. Mimi ni mutu wa sindika, sitaona haya kusema kwamba napenda feza yetu ilishe jamaa ya fundi wetu kuliko kumtajirisha muuzaji wa mbali. Kitu kikipinda mu safari, aliyekitengeneza atakinyoosha kesho yake. Lakini fundi apewe masharti. Afunge kwa buloni, asichomelee juu ya shasi wala asitoboe shasi ovyo, juu ya chuma cha shasi kikiungua kinapoteza nguvu na kinaweza kupasuka fasi hiyo hiyo. Kama lazima achomelee kitu chochote juu ya gari, aondoe kwanza waya za batri ili asiunguze kompyuta.

Kuna vifaa viwili vinavyodanganya: vinaonekana kama vya nje, kumbe vinagusa ndani.

Cha kwanza ni pareshoki kubwa ya mbele. Magari mengi mapya yana mifuko ya hewa inayofunguka mbele ya dereva wakati wa kugongana. Gari linajua kwamba limegongana kwa namna sehemu ya mbele inavyopokea pigo. Ukiweka chuma kizito ambacho hakikupimwa kwa gari hilo, mfuko unaweza kuchelewa kufunguka, ao kufunguka juu ya kugonga mbuzi. Kuna watengenezaji wa pembeni wanaofanya majaribio hayo, kama ARB ya Australia, iliyoanza Melbourne mwaka 1975. Kwa hiyo si lazima pareshoki itoke kwa mtengenezaji wa gari, lakini lazima iwe imetengenezwa kwa aina ile ile ya gari na mwaka ule ule, na muuzaji aandike hivyo mu fakitire. Kama gari halina mifuko ya hewa, fundi wa Bunia anaweza kujaribu. Kama linayo, asiguse.

Cha pili ni lile bomba la hewa linalopanda pembeni ya kioo mpaka juu ya paa, linaloitwa snokeli. Watu wanaliona na kusema: “Huyu anavuka mto.” Bomba hilo ni pua ya injini. Injini ya dizeli inakandamiza hewa kwa nguvu sana, na maji hayakandamiziki. Yakiingia mu silinda, fimbo ya pistoni inapinda, na injini nzima imekwisha. Snokeli za bei ya chini zina maungio yasiyozibwa vizuri. Kwa nje unaona bomba, kwa ndani maji yanapita. Hata zile za kiwandani, zingine zimewekwa juu ya vumbi, ili injini ivute hewa safi ya juu, hazikuzibwa kwa ajili ya mto. Muulize muuzaji wazi wazi. Kwenye dizeli ya zamani isiyo na turbo, fundi anaweza kupima hivi: injini ikizunguka polepole, azibe mdomo wa juu wa bomba kabisa. Injini ikikosa hewa na kutaka kuzimika, maungio ni mazuri. Ikiendelea kuimba kama kawaida, hewa inaingia fasi ingine, na maji yatapita hapo hapo. Kumbukeni pia kwamba ekseli na sanduku la gia vina vitundu vya kupumulia. Navyo vipandishwe juu kwa mipira midogo. Kazi hiyo ni ya feza kidogo, na wengi hawaifanyi.

Winchi tuizungumze bila ushabiki. Inafaa, siwezi kukataa, kwa barabara zetu. Lakini kipimo chake kiwe mara moja na nusu ya uzito wa gari likiwa limepakia. Gari la tani 3 likiwa na mzigo linataka winchi ya tani 4.5. Inataka pareshoki iliyotengenezwa kuibeba, batri yenye nguvu, na dereva aliyefundishwa. Kamba ya chuma ikikatika inaruka kama kisu, kwa hiyo anayeivuta avae glavu na wengine wote wasimame mbali. Kama feza haitoshi kwa winchi nzuri, nunueni koleo mbili, kamba nene ya kuvutia, jeki ndefu na mabati ya kuweka chini ya magurudumu. Vitawatoa mu matope mara nyingi kuliko winchi ya bandia.

Juu ya taa, hatari yake ni waya. Taa kali zikifungwa moja kwa moja kwenye batri, bila fyuzi na bila rele, waya zinapata moto na gari linaweza kuungua. Mbili nzuri zinatosha. Mipira mikubwa kupita ile ya kiwanda inapendeza macho, lakini inadanganya saa ya mwendo, inachosha breki na klachi, na siku ikipasuka Mambasa hutapata mwenzake. Chagueni saizi ambayo inauzwa Bunia na Mongbwalu, na beba mbili za akiba.

Halafu kuna hesabu ambayo sijaona mu mkutano wowote: uzito. Pareshoki ya chuma ni kilo 50 mpaka 80. Winchi ni kilo 30 mpaka 45. Galeri ya chuma, gurudumu la pili la akiba, tanki ya pili ikijaa, ongezeni. Mara moja mumepita kilo 200, na bado hakuna mutu aliyepanda. Kila gari lina kibati kinachoandika uzito wa mwisho linaoruhusiwa, pamoja na watu na mzigo. Kila kilo ya urembo inaondoa kilo ya mzigo. Na uzito ukipanda juu ya paa, jipu linakuwa rahisi kupinduka kwenye kona.

Angalieni yale magari meupe ya mashirika yanayopita Bunia kila siku, ya Madaktari wasio na Mipaka na ya Msalaba Mwekundu. Mengi ya mashirika kama hayo hununua kwa wauzaji wanaotayarisha gari kabla halijafika Afrika. Mmoja anayejulikana yuko Gibraltar, kazi yake ni kufunga Toyota kwa ajili ya misaada. Wana feza kuliko sisi, wangeweza kununua chochote. Lakini mu magari yao utaona chuma cha mbele, bomba la hewa, redio, magurudumu ya akiba, basi. Hakuna kromu, hakuna vioo vyeusi. Na kioo cheusi kwenye bariere zetu, tangu hali ya dharura ya kijeshi ilipoanza Mei 2021, kinaleta maswali tu.

Sasa nisikilizeni hapa, juu ya hili ndilo lililonifanya niandike. Nimeona orodha za vifaa za koperative zaidi ya moja. Taa ziko, redio ya muziki iko, vioo vyeusi viko. Machela haiko. Mikanda ya kumfungia mgonjwa haiko. Sanduku la dawa za kwanza na kizima moto haviko. Tunachimba fasi udongo unaanguka, tunajua kila mwaka unaanguka, na jipu tulilonunua kwa jasho la mashimo hayo halina fasi ya kumlaza aliyefukuliwa. Anakunjwa mu kiti cha nyuma, mgongo umevunjika, na barabara inamaliza kile shimo lilichoanza. Machela inayokunjika na pete nne za kuifungia sakafuni, fundi wetu anaweza kuzifunga kwa siku moja. Iwe namba moja ya orodha, mbele ya pareshoki.

Najua kuna watakaosema kiwanda ni ghali na jipu linakawia miezi. Ni kweli. Ndiyo maana sisemi vyote vitoke huko. Lakini wanaosema vya sokoni ni vile vile, niwaulize: dhahabu unainunua kwa macho? Unaipima, unaitia asidi, unaiweka kwenye mizani. Mbona kifaa cha dola mia nyingi unakinunua juu ya kina kibandiko kizuri?

Tena hatuombi hisani. Code minier iliyorekebishwa tarehe 9 Machi 2018 inatutaka wachimbaji wadogo tuwe ndani ya koperative zilizokubaliwa. Na koperative, kwa sheria ya OHADA ambayo nchi yetu iko ndani yake tangu 2012, ina mkutano mkuu wa wanamemba, na hesabu zinapita mbele yake. Kwa hiyo kabla dola moja haijatoka, ombeni vitu vinne. Orodha ya vifaa isomwe kwa sauti mbele ya wote. Kwa kila kifaa cha bei kubwa kuwe na profoma tatu, moja ya kiwanda na mbili za sokoni. Iandikwe nani atakifunga na atajibu kwa muda gani kikiharibika. Kitabu cha garantie kisomwe, tujue kama kifaa hicho kitatufanya tupoteze haki yetu kwa muuzaji wa gari.

Rais wa koperative akisema hayo ni kumkosea heshima, mwambieni polepole, na kwa adabu, kwamba jipu si lake. Kiisha muulizeni machela iko wapi.

Mwanaharakati wa sindika ya wachimbaji, Rwambuzi, Bunia