Chumba Chenye Dirisha

UPENUNI
Safu ya kila juma ya Mwalimu Khamis Shaali

Juma lililopita shemeji yangu, ambaye alihamia Florida akiwa kijana na sasa mvi zimemwenea huko huko, aliniletea ujumbe mrefu wa sauti kunikumbusha kwamba zile nafasi nne tulizozilipia kabla ya korona katika meli ya watalii bado zimo daftarini kwa majina yetu, kwamba meli itang'oa nanga Fort Lauderdale mwezi wa Machi, na kwamba kampuni haitaahirisha tena: ama tusafiri, ama fedha zipotee. Mke wangu alikuwa uani akikuna nazi, akasikia kila neno. Hakuinuka juu ya mbuzi. "Mwambie hatwendi," akasema, na nazi ikaendelea kukunwa.

Sikumpinga, wala shemeji sikumjibu. Siku nane sasa nalala na jambo hili na kuamka nalo, na kadiri ninavyolipima ndivyo ninavyoona kwamba swali ambalo wasafiri wengi wanajiuliza, yaani kama raha ya safari itasalia kuwa raha ikiwa ni lazima mtu avae barakoa na kutiwa kijiti puani kabla ya kupanda ngazi ya meli, si swali lenyewe.

Nianze na hiyo raha, maana sitaki msomaji adhani kwamba naidharau. Mwezi wa Februari 2019 tulizunguka visiwa vya Karibi kwa siku saba, mimi na mke wangu na shemeji na mkewe. Na mimi niliyezaliwa Mji wa Kale wa Mombasa, niliyeijua bahari kwa jahazi la babangu na safari zake za Lamu, sikupata kudhani kwamba maji makuu yaweza kumchukua binadamu kwa utulivu wa namna ile, juu ya chombo kirefu kama mtaa mzima, taa zake zikiwaka usiku kucha, nawe umeketi sitahani baada ya sala ya alfajiri ukitazama bahari ikitoka katika weusi wa wino na kuingia katika samawati. Chumba chetu kilikuwa kikihudumiwa na kijana wa Kiindonesia, Mwislamu, ambaye siku ya pili alitukuta tumeshika msala tukibabaika, hatujui kibla ki upande gani. Alicheka kwa adabu, akatoa kalamu mfukoni. Tangu jioni ile, kila tulipotoka chakulani tulikuta kitandani taulo lililokunjwa kwa umbo la tembo, na mkongani mwa tembo kikaratasi chenye mshale. Meli ikigeuka, mshale nao umegeuzwa. Mke wangu alikitia kikaratasi kimoja ndani ya msahafu wake, nacho kimo mpaka leo.

Namtaja tembo yule kwa sababu mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, naye hukunja tembo. Ni mmoja wa vijana wengi wa pwani yetu waliochukua kitabu cha ubaharia wakaenda kutafuta riziki katika meli za watalii, na kazi yake ni hiyo hiyo ya vyumba: kutandika, kufagia, kusugua, kukunja.

Basi mwaka wa 2020 ulipoingia na balaa lake, watu walisoma habari za Diamond Princess, iliyozuiliwa Yokohama mwezi wa Februari ikiwa na watu 3,711, ambao 712 kati yao walipatikana na maradhi. Wakasoma na habari za Zaandam, iliyotoka Buenos Aires tarehe 7 Machi, ikafungiwa bandari moja baada ya nyingine hali ina wagonjwa na maiti ndani yake, hata ikaruhusiwa kuingia Fort Lauderdale tarehe 2 Aprili, roho za watu wanne zimekwisha kutoka. Wengi walizisoma habari hizo kwa kuwahurumia abiria. Sisi nyumbani kila habari ya meli tuliisoma kwa kumtafuta mtu mmoja.

Abiria wa meli ya mpwa wangu waliteremshwa katikati ya Machi wakaenda zao kwa ndege. Wafanyakazi walibaki. Meli ikatia nanga mbali na nchi kavu, na hapo ikakaa. Marekani haikutaka mabaharia wapite katika viwanja vyake vya ndege pamoja na watu wengine, ikazitaka kampuni ziwachukulie vyombo vyao mbali na ziweke sahihi kwamba zitafanya hivyo, gharama ambayo kampuni nyingi zilisitasita kuibeba; nayo Kenya ilikuwa imezuia ndege za abiria kutoka nje tangu tarehe 25 Machi, isizifungulie mlango mpaka tarehe 1 Agosti. Kijana alikuwa kati ya milango miwili, na yote miwili imekomewa.

Majuma ya kwanza alikaa katika chumba cha wafanyakazi chini kabisa, karibu na usawa wa maji, vitanda viwili vya kupandana, yeye juu na Mhindi mmoja wa Goa chini, hewa ikiingia kwa tundu la darini na chakula kikiwekwa mlangoni katika sahani ya karatasi. Dirisha hapana. Alituambia kwamba baada ya siku kumi alipoteza tofauti ya usiku na mchana. Saa ya simu yake akaiacha katika majira ya Mombasa, apate kujua mama yake saa hiyo yuko jikoni au yuko usingizini. Na mikono isiyokuwa na kazi ikamwasha. Akawa akikunja mataulo, tembo, nyani, bata, akiyapanga juu ya kitanda chake mwenyewe na kuyakunjua na kuyakunja tena, ili vidole, kama alivyosema, visisahau.

Sisi nasi huku tulikuwa tumefungiwa. Mombasa na Kilifi na Kwale zilizuiliwa kutoka na kuingia tangu tarehe 8 Aprili, kisha tarehe 6 Mei Mji wa Kale wenyewe ukazibwa, askari wakasimama kwenye njia zake, na watu waliozoea kuvuka barabara kwenda Marikiti wakawa wanatazama upande wa pili kama waitazamao ng'ambo ya bahari. Nilikereka kama wenzangu. Lakini mimi nilikuwa na baraza, na jua la asubuhi ukutani, na sauti ya jirani akiniuliza kupitia dirishani kama nimepata mkate. Kila nilipotaka kulalama, kile chumba cha chuma kilinijia mbele ya macho nikanyamaza.

Siku moja ya mwezi ule wa Mei dada yangu alikuja mbio kwetu, simu mkononi, kilemba cha kanga kimemwanguka mabegani. Mpwa wangu alikuwa amepiga simu ya picha. Hakusema kitu, aliigeuza simu tu, nasi tukaona kioo kipana, na nyuma ya kioo bahari tupu, na juu ya bahari jua la asubuhi, ilhali kwetu ilikuwa baada ya laasiri. Amehamishwa, peke yake, katika chumba cha abiria sitaha za juu, chenye choo chake na dirisha lake. Dada yangu akalia hata akashindwa kuishika simu.

Ni nani aliyempa dirisha lile? Amri. Idara ya Marekani ya kudhibiti maradhi, ijulikanayo kwa herufi zake CDC, ilikuwa imezielekeza kampuni ziwatenganishe mabaharia, kila mtu chumba chake na choo chake. Na vyumba vya namna hiyo havikuwako ila kule juu, mahali pa wageni. Tangu siku ile, nisikiapo mtu akisema kwamba kanuni za afya zimeharibu safari za bahari, moyo wangu haukubali kunyamaza.

Kwani kanuni zilizokuja baadaye ni zipi? Baada ya safari kupigwa marufuku tarehe 14 Machi 2020, idara hiyo ilitoa amri nyingine tarehe 30 Oktoba ya kuzirudisha daraja kwa daraja: meli iwe na chombo cha kupimia maradhi ndani yake, itenge vyumba vya wagonjwa na vya washukiwa, na kabla haijaondoka iwe imekwisha kuandikiana na bandari na hospitali za nchi kavu ni nani atakayewapokea wagonjwa. Kwa masharti hayo Celebrity Edge iliondoka Fort Lauderdale tarehe 26 Juni 2021, meli kubwa ya kwanza kuchukua abiria kutoka bandari ya Marekani baada ya miezi kumi na mitano. Msafiri naye alitakiwa achanjwe, apimwe si zaidi ya siku mbili kabla ya kupanda, na avae barakoa ndani. Mimi nilipata sindano zangu mbili za AstraZeneca hapa Mombasa, na sioni kwamba uhuru wangu ulipungua hata kwa tone.

Jimbo la Florida lilikwenda mahakamani kuipinga amri, na jaji akaliunga mkono. Na tangu tarehe 15 Januari ya mwaka huu wa 2022 amri yenyewe imegeuka kuwa hiari, kila kampuni ikijichagulia kuifuata au kuiacha. Imegeuka katika msimu gani? Kutoka tarehe 30 Novemba hadi 14 Desemba meli ziliripoti kwa idara ile wagonjwa 162. Kutoka tarehe 15 hadi 29 Desemba, Omikron ilipokwisha kupanda ngazi, waliripotiwa 5,013. Siku ya pili yake CDC ikawashauri watu wasipande meli za watalii kabisa, wawe wamechanjwa au hawakuchanjwa. Kampuni zinasema kwamba walio wengi kati ya wagonjwa hao hawakuzidiwa, na mimi nasadiki. Chanjo imefanya kazi yake. Lakini mtu wa miaka 71 aliyechanjwa, akihesabu hatari yake peke yake na kuridhika nayo, amehesabu nusu ya hesabu.

Wazee wetu waliijua nusu ya pili. Sayyidna Umar alipokuwa njiani kwenda Sham, akapata habari ya tauni, hakukata shauri peke yake. Aliwaita Muhajirina, kisha Ansari, kisha wazee wa Kikureshi, na Abdurrahman bin Auf akamletea yale aliyoyasikia kwa Mtume, ya kwamba nchi yenye tauni isiingiwe, na aliyemo asitoke kwa kuikimbia. Watu hupenda kukumbuka sehemu ya kwanza, inayomlinda msafiri. Sehemu ya pili inamlinda mwingine: mwenye mji ambao msafiri angeupelekea maradhi bila kujua, na katika mambo yetu ya leo, mwenye kisiwa chenye hospitali moja ambako meli ya watu elfu tatu hutia nanga asubuhi na kuondoka jioni, na kijana anayekusanya shuka zetu kwa mikono yake. Ndiyo maana kisiwa cha Changuu, mbele ya mji wa Unguja, ambacho jela yake ya miaka ya 1890 haikupata wafungwa, kilifanywa karantini ya wasafiri wa meli waliodhaniwa kuwa na homa ya manjano. Msafiri alikaa pale kwa ajili ya wenyeji wa ng'ambo ya pili.

Ilibaki nimwulize mwenye kuyajua. Mpwa wangu amerudi melini tangu Septemba, kwa mkataba mpya, na juzi nilimpata baada ya zamu yake. Nilitaraji aniambie nisiende, na huenda nilitaka aniambie hivyo, nipate kumaliza.

"Mjomba," akasema, "mkikaa nyumbani nyote, sisi tutakula nini? Njooni. Ila msiwe kama wale wanaovua barakoa wakiingia ndani ya lifti."

Nikamwuliza: ukiugua usiku wa leo, watakulaza wapi?

"Sitaha ya tano, upande wa nyuma. Kuna vyumba vimeachwa vitupu, vyetu na vya abiria. Vina madirisha."

Na kanuni zikiwa hiari?

Akanyamaza kidogo. Nyuma yake nikasikia magurudumu ya kigari cha shuka kikipita. "Chumba kitupu hakiingizi pesa, Mjomba," akasema.

Basi azma yangu ni hii, na nimemwambia shemeji jana kwa ujumbe wa sauti kama alivyoniletea yeye. Tutakwenda, kwa barakoa na kwa vipimo vyote, wakitaka kunipima kila asubuhi wanipime, maadamu meli ile imeamua kubaki chini ya kanuni ambazo sasa haishurutishwi kuzifuata. Na aiandikie kampuni ajibiwe kwa maandishi, si kwa mdomo wa karani wa simu: je, mmejiandikisha kuendelea kuifuata amri, au mmeiacha? Na ni vyumba vingapi vilivyoachwa vitupu kwa wagonjwa, mabaharia wakiwamo? Jibu lisipopatikana kabla ya mwisho wa mwezi, fedha zipotee, nami sitamlaumu yeye wala mtu mwingine.

Mke wangu alikuwa ameketi mlangoni nilipokuwa nikiyasema maneno hayo kwenye simu, msahafu mapajani, kikaratasi chenye mshale kimechungulia kati ya kurasa. Nilipomaliza akaniambia nirudie, kwa sababu nimesahau kuuliza kama vyumba hivyo vya mabaharia vina dirisha. Nikarudia.