Kitenzi "squat" na maskwota wa Nakuru

Mwenye kupita katika mashamba ya Njoro, Molo au Subukia hakosi kulisikia neno skwota. Wazee wengi wa Nakuru waliitwa hivyo tangu utoto wao, na baba zao kabla yao. Neno hilo limetoka katika kitenzi cha Kiingereza "squat", ambacho maana yake ya kawaida haihusu shamba hata kidogo.

"Squat" ni kuchuchumaa, yaani kukunja magoti mpaka kitako kikaribie visigino bila kugusa chini. Mchungaji aotaye moto malishoni huchuchumaa. Karani aliye juu ya kiti chake hachuchumai, bali amekaa, na kwa Kiingereza hiyo ni "sit". Katika wakati uliopita herufi t huandikwa mara mbili, "squatted". Waingereza hulitumia neno hilohilo pia kueleza kitu kifupi na kipana, kama chungu au nyumba ya mawe yenye paa la chini.

Waingereza walilipata kwa Wafaransa wa zamani, waliosema "esquatir", maana yake kuponda kitu kikawa bapa. Nalo lina shina katika Kilatini, katika kitenzi "cogere": kuswaga pamoja, kama mtu aswagavyo ng'ombe, na tena kushurutisha. Sungura ajibanapo chini ili mbwa wampite, maana hizo zote zakutana kwake.

Habari ya ardhi ilianza Marekani, mwishoni mwa karne ya 18. Watu waliojenga vibanda katika nchi isiyo yao, bila hati, waliitwa "squatters", kana kwamba wamechuchumaa tu mahali pa wenyewe. Neno likavuka bahari mpaka Australia, na huko likapata bahati ya ajabu. Wafugaji wa kondoo waliopita mipaka ya serikali walipewa ruhusa mwaka 1836, kwa leseni ya pauni 10 kwa mwaka. Wengi wakatajirika, hata kuitwa "squatter" kukawa sifa ya bwana mkubwa.

Katika Bonde la Ufa hapakuwa na bahati hiyo. Wakikuyu wengi, na Wakipsigis, Wanandi na wengineo, walihamia mashamba ya walowezi wakapewa mahali pa kulima na kulisha mifugo, nao wakalipa kwa kazi. Sheria ya 1918 ilitaka siku zisizopungua 180 kwa mwaka. Katika miaka ya 1940 mahali pengine zilifika 240, hata 270. Mifugo yao ilipunguzwa kwa nguvu katika miaka ya 1920, na jambo hilo wenyewe waliliita kifagio. Ng'ombe waliswagwa kweli, kama Kilatini kisemavyo! Hata hivyo sheria ya 1925, kwa jina lake, iliwataja kuwa vibarua wakaaji. Walioishi kwa mapatano waliitwa jina la watu wasio na mapatano.

Hapo ndipo karani aandikiaye wazee barua za madai ya ardhi apaswapo kuwa na hadhari. Akiandika "My father squatted at Njoro", msomaji wa London ataelewa kwamba mzee aliingia shambani bila idhini ya mtu, kama wale waingiao nyumba tupu za watu, tendo ambalo huko Uingereza lilifanywa kosa la jinai mwaka 2012 kwa nyumba za kuishi. Kumbe mzee alitia kidole gumba katika mkataba, akafanya kazi siku zake zote, na mkewe akachuma pareto. Na aandike "He was a resident labourer", au kwa wepesi zaidi, "He lived and worked on the farm". Akitaka kulihifadhi neno la siku zile, "He was called a squatter" latosha, kwa kuwa kuitwa si kutenda. Na kama habari ni ya mtu aliyeingia kweli bila idhini, basi ni "squat on" kwa ardhi, na "squat in" kwa nyumba.