Kompyuta Ijifanyapo Kibodi

Katika shule zetu nyingi somo la kompyuta huishia kwenye kupiga chapa barua na kujaza majedwali. Mwanafunzi hukaa mbele ya mashine kama abiria akaavyo garini: ajua pa kushikilia, lakini hajapata kufunua boneti. Napenda kutetea hapa zoezi moja ambalo baadhi ya walimu wataliogopa, nalo ni kuifanya kompyuta ndogo ijifanye kifaa cha kompyuta nyingine, yaani iwe kibodi, au diski, au printa yake, kwa kupitia waya wa USB.

Kanuni za USB zilitolewa mwaka 1996 na kundi la makampuni, miongoni mwao Intel, Microsoft, Compaq na NEC. Msingi wake si usawa. Upande mmoja ni mwenyeji, na wa pili ni kifaa. Mwenyeji ndiye atoaye umeme wa volti 5, ndiye agawaye namba kwa vifaa, kuanzia 1 hadi 127, na ndiye peke yake mwenye ruhusa ya kuanzisha mazungumzo. Kifaa hakisemi ila kimeulizwa. Kibodi unayoibonyeza haipeleki herufi kwa hiari yake. Hungoja hadi mwenyeji aulize kama ina neno, swali ambalo hurudiwa mara nyingi kila sekunde, na aghalabu jibu huwa kwamba hakuna. Ndiyo maana ncha mbili za waya wa USB wa awali hazifanani. Wabunifu walikusudia kwamba wenyeji wawili wasikutanishwe, kwani hakuna ambaye angekubali kujibu, na kila mmoja angemsukumia mwenzake umeme.

Kwa hiyo kompyuta ya mezani haigeuzwi kibodi kwa programu peke yake. Ndani yake, kwa kawaida, mna saketi ya kuuliza tu. Ya kuitika haimo, au imefungwa. Simu ya mkononi, kinyume chake, ina nafsi zote mbili. Iunganishe na kompyuta ili kunakili picha, nayo ni kifaa. Ichomeke flashi kwa waya unaofaa, nayo mara yageuka mwenyeji. Ruhusa hii ya kubadili cheo iliingizwa katika kanuni mwaka 2001. Raspberry Pi Zero, kompyuta ndogo iliyotolewa Uingereza mwezi Novemba 2015 kwa bei ya dola 5, inao uwezo huohuo, na mfumo wa Linux unazo programu za kuitika wito wa mwenyeji, ambazo marehemu David Brownell alikuwa miongoni mwa waandishi wake wakuu.

Hapo ndipo penye utamu wa zoezi. Kifaa kinapochomekwa hupandisha umeme katika mmoja wa nyuzi mbili za data kwa rezista ya omu 1,500. Mwenyeji akiona hivyo hujua kuwa mgeni amebisha hodi, naye humwuliza wasifu wake. Jibu la kwanza lina baiti 18, ndani yake mkiwa na namba ya mtengenezaji na namba ya bidhaa. Kisha hufuata maelezo ya aina ya kazi. Aina ya 3 ni vifaa vitumiwavyo na binadamu kwa mkono, kama kibodi na kipanya. Aina ya 8 ni hifadhi. Mwanafunzi akiisha kuiandikia Pi Zero wasifu wa kibodi, kilichobaki ni kutuma baiti 8. Ya kwanza ni ya vitufe kama Shift, ya pili huachwa sifuri, na sita zilizosalia ni za vitufe vilivyobonyezwa. Herufi a ni namba 4. Atume 0, 0, 4, kisha sifuri tano, na herufi a itatokea katika skrini ya kompyuta ya pili, ambayo haina habari kwamba hakuna kidole kilichobonyeza chochote. Asipofuatisha sifuri nane, mashine itadhani kitufe kingali kimeshikwa, nayo itaujaza ukurasa kwa herufi hiyo moja. Darasa litacheka, na litakuwa limefahamu.

Wako watakaosema kwamba tunawafundisha vijana wizi. Hoja hiyo si ya kupuuzwa. Mwaka 2014, mjini Las Vegas, watafiti Karsten Nohl na Jakob Lell kutoka Ujerumani walionyesha kwamba flashi ya kawaida yaweza kuandikwa upya ndani yake, ikajitambulisha kuwa kibodi na kucharaza amri kabla mwenye mashine hajatanabahi. Programu za kukinga virusi hukagua mafaili. Vitufe si mafaili. Lakini utazameni udhaifu wenyewe ulipo. Mwenyeji humwuliza mgeni yeye ni nani, na huamini jibu lolote apewalo. Katika kanuni zinazotumika kwa kawaida hakuna hatua ya kumtaka athibitishe. Udhaifu huo haukuzaliwa na mwalimu aliyeueleza, wala hautaondoka kwa kunyamaziwa. Waovu wamekwisha kuujua kwa zaidi ya miaka 10. Asiyeujua ni yule kijana achukuaye flashi moja kutoka duka la kutoa nakala hadi maktaba ya shule, na kutoka maktaba hadi ofisi ya mkuu. Kumwambia asichomeke flashi asiyoijua, bila kumwonyesha sababu, ni kumpa amri, na vijana wanayo desturi yao juu ya amri za namna hiyo.

Sisemi zoezi lifanywe kiholela. Mashine ya kujaribiwa iwe ya maabara, isiyo na alama za mitihani, mwalimu awepo, na kitakachocharazwa kiwe maneno ya kusomwa na darasa zima, si amri. Gharama nayo isitiwe chumvi: Zero 2 W ya mwaka 2021 ilitangazwa kwa dola 15, ushuru na usafirishaji mbali, na moja yatosha darasa zima. Mwalimu atakayejaribu akumbuke tu kwamba Pi Zero ina matundu mawili yanayofanana, na lile lililoandikwa PWR IN ni la umeme peke yake. Tena autazame waya kabla ya kuilaumu programu. Baadhi ya nyaya ziuzwazo kwa kuchajia simu hazina nyuzi za data, na kwa waya kama huo Pi itawaka vizuri, huku kompyuta ya pili ikikaa kimya kana kwamba hakuna aliyebisha hodi.